Uchafu Aliokataza Mama

Majina sitataja. Majina yana watoto, na watoto hawana kosa. Lakini nani alifanya nini nitasema, kwa sababu katika waliokuwemo nyumbani mle nimebaki mimi peke yangu, na nikinyamaza itaonekana kama zile sarafu zilijisugua zenyewe.

Waliozimaliza ni watatu. Mjomba wangu, mdogo wake mama. Shemeji yangu, mume wa dada, mchonga vinyago. Na karani mmoja wa mjini Mtwara, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, aliyekuwa akija kwetu kwa pikipiki kununua vinyago vya shemeji akawauzie wageni. Dada naye alikamua mabibo ya mkorosho, sikatai, lakini dada alikuwa mtu wa kukamua chochote alichoambiwa akamue. Yeye namweka kando.

Mimi niliishia darasa la tatu. Kuandika kwenyewe nilikuja kujinolea kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo anayetaka maneno mazuri atafute kwingine.

Kwanza mjue zilikuwa sarafu gani. Mwanamke wa kwetu hana mfuko, mfuko wake ni pindo la kanga. Pesa yake ya chumvi, ya taa, ya sadaka, anaifunga fundo pale pembeni. Katika ukoo wetu, mwanamke akifa, kabla hajaoshwa, binti yake hulifungua lile fundo. Sarafu atakayoikuta hainunui kitu tena. Inawekwa na zile za waliotangulia, na tangu siku hiyo sarafu ile ndiye yeye. Kama fundo ni tupu, basi, hakuacha. Kama aliacha, kila Ijumaa baada ya adhuhuri anasomewa Fatiha, mmoja mmoja, sarafu yake ikiwa mkononi mwa msomaji.

Msomaji alikuwa mama yangu, na mama yangu alikuwa kipofu. Macho yalimwisha polepole nikiwa bado mtoto, yakawa meupe kama nyama ya dafu. Hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Alikuwa akikaa juu ya mkeka na kibakuli chake, anatia mkono, anatoa moja, anaipitisha chini ya kidole gumba, anasema, "Huyu bibi mzaa mama." Anasoma. Anaiweka chini. Anatoa nyingine.

Zilikuwa saba. Tatu zilikuwa pesa za Mdachi, za shaba, zenye ndege upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Tatu zilikuwa senti kumi za Mwingereza, zile zenye tundu katikati. Na moja ilikuwa ndogo sana, nyembamba kama gamba la samaki, yenye maandishi ambayo hata mwalimu wa chuo cha Kurani alishindwa kuyasoma. Hiyo, walisema, mama wa kwanza wa ukoo aliiokota pwani ya Msimbati akichokoa kombe mchangani, akaifunga pindoni akidhani ni kitu cha bahati, akafa nayo.

Kwa mtu wa kupita, ndege watatu ni ndege watatu. Kwa mama, walikuwa watu watatu. Mmoja alikuwa na alama ya jino, kwa sababu mwenyewe aliing'ata kuipima. Mmoja aliwahi kuangukiwa na jembe, akawa na kovu juu ya bawa. Wa tatu alikuwa mzima, ila upande wa maandishi umelika kwa kusuguana na kitu gani sijui, labda na funguo. Za tundu nazo vivyo hivyo. Moja ilikuwa na uzi uliokauka ndani ya tundu, uzi wa kanga ya mama mkubwa wa mama. Nyingine ilikuwa na mkwaruzo.

Na ya tatu ya tundu ilikuwa ya mdogo wangu wa kike. Alikufa kwa surua akiwa na miaka sita. Asubuhi alipoanza kuugua, mama alimfungia senti kumi pindoni akanunue vitumbua. Alikwenda, akarudi bila kununua, akasema kichwa kinamuuma. Alikuwa ameshikashika vitumbua vya watu kule, vidole vina mafuta na unga, ndipo akaishika senti yake. Ule unga na yale mafuta viligandamana kwenye zile herufi pembeni ya tundu, pakawa na kidoa kigumu cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama. Mama alikuwa akikigusa kidoa hicho kwa ncha ya kidole kabla ya kuanza kusoma. Kila Ijumaa.

Hiyo ndiyo hazina yetu. Mfalme asingeinama kuiokota.

Katika miaka ile ambayo ng'ambo ya Ruvuma Mreno alikuwa akipiga mizinga, na ndege zake tunazisikia, kila mtu alificha alichonacho. Mama akazitia sarafu kwenye kijungu, akakizika chini ya mafiga. Akawa anasoma kwa kukumbuka tu. Hakupenda. Alisema wanamchanganyikia, anasoma kama mtu anayewasalimia watu gizani, hajui kamsalimu nani mara mbili na nani kamruka.

Halafu ikaja habari ya kuhamia vijijini. Tulikuwa tukikaa kwenye mikorosho yetu, kila mji mahali pake, tukaambiwa wote tutoke tukakae pamoja kando ya barabara. Nyumba yetu iliezuliwa tukiwa tunaiangalia. Nikafukua mafiga kwa haraka, watu wananiita niwahi lori. Kijungu kilikuwa kimepasuka siku nyingi. Unyevu umeingia, majivu yameingia, na sarafu zote saba zimeshikana zikawa donge moja la udongo na kutu ya kijani.

Nilimpa mama lile donge ndani ya lori. Alilizungusha mkononi safari nzima. Tukateremshwa kwenye kiwanja chetu kipya, ambacho kilikuwa miti minne na kamba. Ndipo akasema tutawatoa, lakini kwa utaratibu, na mikono itakuwa yangu maana mkono wake unatetemeka, na ni wakati nijifunze.

Basi nilijifunza. Nitaeleza vizuri, ili ijulikane kwamba njia ilikuwepo na haikuwa siri, na kila aliyetaka kuuliza angeuliza.

Maji ya kisima alikataa, kisima cha kule kilikuwa na chumvi, na chumvi inakula shaba. Tulisubiri mvua za kwanza. Hata mvua, alikataa ile inayochuruzika upenuni, akasema ina moshi na taka za makuti. Nikatega bakuli uwanjani, mbali na paa. Donge likalowekwa humo. Kila siku namwaga maji, natia mengine, sikorogi, situmii nguvu. Yakitoka kahawia, mama anasema waache. Yakitoka meupe, anasema sasa waangalie. Siku moja donge likaachana lenyewe, sarafu zikalala chini ya bakuli kama watu waliochoka na safari.

Hapo bado zilikuwa na ukoko. Mama akaagiza mafuta ya nazi, yaliyopikwa na kuchujwa, safi. Kila moja ikakaa kwenye kifuu chake ndani ya mafuta, ili zisigongane. Baada ya siku kadhaa naichukua moja, naishika kwa ukingo, vidole visiguse uso, naiweka juu ya kipande cha kanga iliyochakaa mpaka imelainika. Chombo changu kilikuwa chelewa, kijiti cha ufagio, kilicholowekwa kikawa laini nchani. Kisu, hapana. Sindano, hapana. Mchanga, majivu, ukwaju, hapana. Kwa kijiti kile nasukuma taka kidogo kidogo, na ikikataa kutoka narudisha sarafu kwenye mafuta. Mwishoni nafuta kwa pamba ya msufi, kwa kugusagusa, bila kusugua, naianika kivulini.

Na mama yuko pembeni, kila hatua anataka kuishika. Nikisema hapa pana kitu cheusi, ananyoosha mkono. Anapapasa. Kisha anatoa hukumu. Hiki ni udongo, toa. Hii kijani iliyo ngumu, isiyokwaruza, acha, hiyo ni ngozi yake, ukiivua ataugua. Hii kijani inayotoka unga, hiyo ni ugonjwa, rudisha kwenye mafuta.

Siku tuliyofika kwa mdogo wangu, kidoa cha vitumbua kilikuwa bado kipo. Ukoko wote umetoka, chenyewe kimebaki pale pale kwenye herufi. Nikamwambia mama. Alikitafuta kwa kidole akakipata.

"Hiki ukikitoa," akasema, "umemtoa yeye."

Nikakizunguka na kijiti changu kama mtu anayepalilia mche.

Shemeji alikuwa akichonga hatua chache kutoka pale, na mdomo wake hautulii kama tezo lake. Alikuwa fundi, hilo simnyimi. Lakini kwake kazi iliyokwisha ni kazi inayong'aa. Kinyago akishakichonga anakipiga msasa, majani yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka, mpaka mpingo ule ulie, halafu kiwi nyeusi ya viatu, mpaka ujione uso. Akaniona mimi na vifuu vyangu, wiki ya tatu, senti moja mkononi.

"Shemeji, hizo unaziosha au unazinyonyesha?"

Nikamwambia achonge yake. Akasema kwa mwendo huo pesa zitapata mvi kabla hazijatakata, na angenipa msasa bure, ujirani mwema. Watu wakacheka. Hata mama alicheka. Ndiyo inayoniuma. Tulicheka.

Karani alikuja Jumapili moja kuchukua vinyago. Akaviona vifuu vimepangwa kivulini. Bila kuomba, akatia vidole viwili kwenye mafuta, akaitoa pesa ya jino, akaibana kwa kidole gumba juu ya uso wa ndege. Akasema kwa ile sauti ya ofisini kwamba wapo wageni mjini wanaokusanya pesa za kale na wanatoa vizuri. Mjomba akasogeza kigoda. Karani akasema lakini, mzee, mzungu hanunui uchafu. Zing'arisheni. Zikiwa zinang'aa nitakuja na mtu wangu. Akajifutia mafuta kwenye nguzo yetu, akapiga pikipiki moto.

Maneno yake yalikuwa hayo. "Zing'arisheni." Nilikuwepo.

Mjomba alitaka baiskeli. Hiyo ndiyo habari yote. Tulipohamishwa mikorosho yake ilibaki mbali, asubuhi aende, jioni arudi, msimu wa korosho umefika na miguu imevimba. Namwelewa. Kila mtu kijijini pale alikuwa na mikorosho aliyoiacha nyuma, na hakuna mwingine aliyewauza bibi zake awe na baiskeli.

Alimwambia mama kwa adabu kabisa. Kwetu mji hufuata upande wa mama, na mkubwa wa mji ni mjomba, kwa hiyo alikuwa na pa kusimamia. Mama akakataa. Akamwambia hizo si mali ya mji. Mjomba akarudia, safari hii bila adabu nyingi.

"Dada, mkubwa wa mji huu ni mimi."

"Wa mji, ndiyo," mama akasema. "Pindo la kanga si mji."

Nikadhani imekwisha. Mtu mzima akishajibiwa hivyo huondoka na kikohozi chake, na mjomba aliondoka. Kumbe alikwenda kwa shemeji.

Wiki ile mtoto wa dada alishikwa na degedege, na dada mwenyewe ana mimba kubwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka hospitali mjini. Lori la kurudi nikalikosa, nikalala Likombe, pale pale mjini, kwa jamaa, siku mbili. Nilikuwa nimeziacha sarafu sita zimekauka, zimetulia kwenye kibakuli cha mama, tayari kwa Ijumaa. Ile ndogo ya mama wa kwanza ilikuwa bado na ukoko mgumu, na ilikuwa nyembamba mno kuiharakisha, kwa hiyo nilikuwa nimeirudisha kwenye mafuta na kukiweka kifuu chake juu darini, kuku wasikipindue.

Niliporudi ilikuwa Alhamisi, jua la alasiri. Kabla sijamteremsha mtoto mgongoni nikasikia harufu ya mabibo. Kwetu panga likishika kutu linatiwa kwenye maji ya mabibo, yale makali yaliyochacha, na kutu inaachia. Kila mtu anajua. Sasa mtu mzima mwenye akili zake alikuwa amewaza hivi: kama panga, kwa nini si pesa? Dada akakamua. Shemeji akaziloweka zote sita usiku kucha pamoja. Asubuhi akaziosha, akakaa na majani yake ya msasa, akazipiga moja moja, upande huu na upande huu, kama anavyopiga makalio ya kinyago. Akamalizia na kiwi. Ya kahawia. Ile nyeusi, alinieleza baadaye, ingezitia giza.

Zilikuwa zimepangwa juu ya ungo. Zinang'aa kama vifungo vya polisi. Hakuna ndege. Kulikuwa na kivuli cha ndege, ukiinamisha kichwa. Jino hakuna. Kovu la jembe hakuna. Kwenye zile za tundu, herufi zote zimekwenda na uzi umekwenda. Nikaitafuta ya mdogo wangu. Nilizigeuza zote tatu. Zilikuwa tatu, na zote zilikuwa moja.

Shemeji alikuwa akitabasamu, anangoja nimsifu. Hilo nalo nimelibeba miaka hii yote. Hakuwa mwizi. Alikuwa fundi anayeonyesha kazi yake.

Nikauliza mama anajua? Mjomba akajibu, kwa sauti ya chini, na mama yuko chumbani nyuma ya ukuta wa fito usio na udongo bado.

"Atajuaje? Haoni."

Niandike mara ya pili. Mtu aliyezaliwa tumbo moja na mama, ambaye mama alimbeba mgongoni akiwa mdogo, alisema atajuaje, haoni. Miaka zaidi ya ishirini amekaa mkekani Ijumaa kwa Ijumaa anamwona dada yake anasoma kwa vidole, na hakuwahi kuona kitu. Kipofu alikuwa nani?

Alimdanganya kwamba anazichukua kuziweka mahali salama kwa sababu mimi sipo. Mama akampa kibakuli kwa mikono yake. Angefanyaje? Ni mdogo wake.

Nilitaka kumwambia mama siku ile ile. Dada akanishika mkono, akasema ngoja, labda karani atakuja kesho, zitaondoka, tutamwambia mama zimeibwa. Huo ndio ulikuwa mpango wao, na dada aliusema kama mtu anayesema chakula kimeiva.

Karani hakuja kesho. Ijumaa ilikuja. Mama aliswali, akakaa mkekani, akaita kibakuli chake. Mjomba aliweka sarafu humo mwenyewe, akatoka nje, lakini hakwenda mbali, nilimwona anasimama kwenye kona ya nyumba.

Mama akatia mkono. Akatoa moja. Akapitisha kidole gumba. Akaigeuza, akapitisha tena. Akainusa. Kiwi ina harufu yake. Akaiweka chini taratibu, akatoa ya pili. Zote sita alizipapasa, na midomo yake ilikuwa tayari kwa jina la kila mtu, inafunguka, inafunga. Akatenga za Mdachi huku na za tundu huku, hayo aliweza. Zaidi ya hapo hakuweza.

Akarudi kwenye zile za tundu. Alichukua ile ya kwanza, akaitafuta kwa ncha ya kidole pembeni ya tundu, pale pale. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Akarudi kwenye ya kwanza.

"Mtoto yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia waliozisugua ni nani, kila mmoja na kazi yake, kama nilivyowaambia nyinyi. Alisikiliza. Alikuwa amezishika zote tatu za tundu kwenye kiganja, anazitikisa kidogo kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akasema neno moja tu, na hakulisema kwa mjomba wala kwa shemeji.

"Nitamsomea nani?"

Hakusoma siku ile. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza katika maisha yangu sikumsikia anasoma.

Karani alikuja wiki iliyofuata, na mtu wake kweli, mgeni mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mjomba akaleta ungo ameufunika kitambaa kama sinia la harusi. Akafunua. Yule mgeni akachukua moja kwa ukingo. Nataka mjue, kwa ukingo, vidole viwili, kama mama alivyonifunza. Akaitazama, akaigeuza, akairudisha. Akachukua nyingine akairudisha. Akasema kitu kwa karani, hata sauti hakupandisha. Karani akatufasiria: hizi zimeharibiwa, sasa ni bati tu, mngeziacha na uchafu wake angezitaka.

Mjomba akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema zing'arishwe. Na karani, na suruali yake, mbele ya watu sita, akacheka kidogo akasema, "Mzee, mimi nilisema mzioshe. Sikusema mzichonge." Akachagua vinyago viwili, akaondoka.

Wala hatukumpiga. Hata jiwe.

Shemeji alipata haya, nadhani. Alikaa siku kadhaa bila utani. Akaja kumwambia mama kwamba angeweza kuchora alama upya, ndege kwa ndege, ana patasi ndogo, amwambie tu kila mmoja alikuwaje. Mama akamjibu kwa upole wake ule uliokuwa ukinikasirisha, akamwambia mwanangu, utachora jino, lakini aliyeng'ata utamtoa wapi.

Mimi ndiye niliyekumbuka kifuu darini. Si kwamba nilisahau, ila katika zile hasira nilikuwa sitaki kugusa sarafu yoyote. Nikaishusha ile ndogo. Ukoko ulikuwa umelegea. Niliifanya kazi siku nzima kwa kijiti, kwa subira ambayo sikuwa nayo. Nikaikausha kwa pamba ya msufi, nikampelekea mama bila kumwambia ni nini.

Ilipogusa tu kidole akasema, "Mama wa kwanza." Akapapasa yale maandishi yasiyosomeka, mstari kwa mstari. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akasoma Fatiha. Tangu hapo, kila Ijumaa alikuwa akimsomea huyo mmoja kwa jina lake, halafu anatia mkono kwenye zile sita, anazishika zote kwa mkupuo mmoja, anasema na hawa, Mola anawajua. Watu walimsifu kwa moyo huo. Mimi siusifu. Mola aliwajua tangu zamani. Aliyehitaji kuwajua alikuwa yeye.

Mjomba alikufa kabla ya mama, msimu wa korosho wa mwaka uliofuata, huko huko kwenye mikorosho yake ya mbali, kwa miguu, bila baiskeli. Binti yake akaja kwetu baada ya maziko na shilingi moja. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati la marehemu. Akasema baba aliagiza ipelekwe kwa shangazi, iwekwe na zile.

Nikamwambia zile ni za wanawake. Nikamwambia baba yako hana kanga, hana pindo, hana haya. Mama akaninyamazisha. Akanyoosha mkono akaipokea. Ilikuwa chafu sana, ina utomvu wa mikorosho na jasho na tumbaku, imeganda upande mzima.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Ioshe, mwanangu. Kwa maji ya mvua."

Nilimtii mama katika mambo yote isipokuwa hilo. Nilitoka nje na ile shilingi, nikakaa muda wa kutosha, nikarudi nikaitia kwenye kibakuli jinsi ilivyokuwa. Sikuilowesha, sikuitia mafuta, sikuigusa kwa kijiti. Niliapa mkono wangu hautamtakasa yule. Mama alipoipapasa alijua. Akasoma.

Mama amekwisha kufa siku nyingi. Fundo lake nililifungua mimi. Sasa kibakuli ni changu, na Ijumaa namfundisha binti yangu. Namfunga macho kwa kitambaa kama ilivyo desturi niliyoianzisha mwenyewe, anatia mkono, anatoa moja, ananiambia ni nani. Mama wa kwanza anamjua. Bibi yake anamjua, nimemwosha bibi yake kama alivyonifunza. Akifika kwenye zile sita laini hana jina la kunipa, tunazipita. Mdogo wangu yumo humo. Sijui ni yupi.

Lakini ile shilingi, mtoto anaijua kabla hata hajaishika vizuri. Ule utomvu, ule ukoko, kila kitu chake kipo mahali pake, kama siku ilipotoka mfukoni. Kila mara anacheka, anaipapasa kwa kidole gumba, anasema, "Huyu mjomba."

Ndiyo, ni yeye. Msomee.